Taa ya Kifuu: Mwongozo wa Anayeanza Mikrokontrola

Jumamosi moja kijana wa mtaani aliingia kibandani kwangu Bondeni, Mombasa, na mkoba uliofura. "Shikamoo, ami." "Marahaba." Akaumwaga wote mezani: sensa ya moshi, sensa ya maji, ya mapigo ya moyo, mota mbili, rimoti, kioo cha kuandikia maneno. Alikuwa amenunua boksi zima la kujifunzia, na lilikuwa na miezi minne nyumbani. Nikamuuliza mpaka sasa amewasha nini. Akainamisha uso. "Bado, ami. Sijui nianzie wapi."

Si yeye tu. Maswali ni yaleyale kila wiki: ninunue bodi gani, nisome lugha gani kwanza, lazima niwe mtu wa hesabu, mbona LED yangu, kile kitaa kidogo cha elektroniki, imeungua. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo huku chuma cha kulehemu kikipoa mkononi, basi nayaandika mara moja. Jibu langu kwa yote ni taa moja: taa ya mezani, ya kifuu cha nazi, unayoongeza na kupunguza mwanga kwa kuzungusha kifundo. Programu utajifunza kwa kadiri taa inavyodai, si zaidi. Lile boksi la sensa liweke juu ya kabati, litakusubiri.

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja. Haina kioo wala kibodi. Inashika programu moja na kuirudia tangu inapopata umeme mpaka unapokatika. Nadharia imeisha, tuendelee.

Onyo moja kabla ya yote

Hakuna hatua hapa inayogusa stima ya ukutani. Soketi zetu zina volti 240, na volti 240 haimpi mwanafunzi nafasi ya kukosea mara ya pili. Taa hii inakula volti 12 zinazotoka kwenye adapta iliyofungwa. Adapta usiifungue, hata ikikufia. Na rafiki akikwambia uunge rilei, ile swichi inayoamriwa na bodi, uwashe globu ya sebuleni, mwambie mwakani.

Cha kuwa nacho

- Bodi ya Arduino Uno R3 au Nano ya kawaida. Zote mbili zina chipu ya ATmega328P, na programu za hapa zinakwenda kwenye yoyote. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasiokuwa watu wa elektroniki, na michoro yake iliachwa wazi. Ndiyo maana bodi za kuiga zimejaa sokoni kwa bei ndogo. Kunakili michoro hiyo si wizi, mradi bodi isijibandike jina la Arduino. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kuiga na ingali hai.
- Kebo ya USB inayopitisha data. Nitalirudia hili mpaka unichoke.
- Bredibodi, kile kibao cha kuchomekea nyaya bila kulehemu, na nyaya za kuchomeka kumi na tano hivi.
- LED nyekundu mbili. Moja ya kazi, moja ya kuunguza.
- Rezista, yaani vizuizi vya umeme, za omu 220 (mistari nyekundu, nyekundu, kahawia) na za omu 10,000 (kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa). Chukua tano tano.
- Volyumu ya kiloomu 10, kile kifundo cha redio.
- Mosfeti IRLZ44N, swichi ya elektroniki. Soma herufi moja moja, tutaona kwa nini.
- Nusu mita ya utepe wa LED wa volti 12, wa rangi moja, mweupe wa manjano. Ule wa kubadilisha rangi una nyaya nne, uache kwanza.
- Adapta ya volti 12, ampea 1 au zaidi.
- Mita ya fundi, hata ile ndogo ya manjano ya bei rahisi.
- Kifuu kikubwa, mkebe mtupu wa bati, msasa, tepu ya umeme.

Mjini utavipata vingi kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Usichokipata kinaagizwa Nairobi na kuja kwa basi. Lakini kabla ya kutoa pesa, pita kwa fundi wa redio wa mtaani umwombe mizoga. Redio moja iliyokufa ina rezista kibao, volyumu, na waya mzuri. Ukichukua volyumu ya redio, angalia chapa iliyopigwa juu yake. B10K ndiyo tunayoitaka. Yenye herufi A inapanda polepole kisha inakimbia, kwa sababu sikio linataka hivyo. Bado inafaa, nitasema namna yake mbele.

Huna hata shilingi ya bodi? Tovuti ya Tinkercad ina sehemu ya sakiti inayofanya kazi ndani ya kivinjari, bure, na Arduino imo. Hatua ya 2 na ya 3 unaweza kuzifanya huko leo usiku.

Hatua ya 1. Bodi tupu izungumze na kompyuta

1. Pakua programu ya Arduino IDE kutoka arduino.cc. Ni bure.
2. Chomeka bodi kwa kebo. Kitaa cha umeme kwenye bodi kiwake.
3. Kwenye menyu ya Tools, chagua bodi yako chini ya Board, kisha poti, mlango ambao kompyuta inazungumzia na bodi, chini ya Port. Kama hujui poti ni ipi, chomoa bodi uone jina gani limetoweka kwenye orodha, uchomeke tena.
4. Fungua File, halafu Examples, halafu 01.Basics, halafu Blink. Bonyeza kitufe cha mshale.

Karibu na herufi L juu ya bodi, kitaa kidogo kianze kukonyeza, sekunde moja kinawaka, sekunde moja kimezima. Usiunge kitu kingine chochote mpaka ukione kikikonyeza.

Hapa ndipo wengi wanakwama, na karibu kila mara ni mambo matatu. La kwanza ni kebo. Kebo nyingi zilizokuja na chaja za bei rahisi zina nyaya mbili tu za umeme na hazina za data. Bodi inawaka, kompyuta haioni kitu, nawe unaanza kuilaumu bodi. La pili ni draiva, programu ndogo inayoitambulisha bodi kwa kompyuta: bodi za kuiga nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuzungumza na USB, na kompyuta nyingine zinataka uipakue draiva yake. La tatu ni la wenye Nano: ikigoma kupokea na kukuandikia maneno "not in sync", rudi Tools, sehemu ya Processor, uchague ATmega328P (Old Bootloader). Nano ngapi zimetupwa kwa kutojua hilo, sijui.

Hatua ya 2. LED yako mwenyewe

1. Chomoa USB. Usiunge waya bodi ikiwa na umeme, hata mmoja.
2. Toka pini ya 9 (tundu lenye namba hiyo kwenye bodi), waya uende kwenye bredibodi, uingie rezista ya 220.
3. Toka upande wa pili wa rezista, uingie mguu mrefu wa LED.
4. Mguu mfupi urudi GND, yaani hasi, ya bodi.

Rezista si pambo. Pini inatoa volti 5, LED nyekundu inajilia kama 2, zinabaki 3. Tukitaka ipite miliampea 15, gawanya 3 kwa 0.015 upate 200. Iliyo karibu dukani ni 220. Ukiiacha rezista, LED itawaka vizuri sana, kwa muda mfupi, halafu utahitaji ile ya pili. Pini nayo inaumia. Isipitishe zaidi ya miliampea 20, na 40 ndio mwisho kabisa wa chipu.

Sasa andika hii. Andika kwa mkono wako, usinakili na kubandika. Vidole vinajifunza.

```
const int TAA = 9;

void setup() {
  pinMode(TAA, OUTPUT);
}

void loop() {
  digitalWrite(TAA, HIGH);
  delay(500);
  digitalWrite(TAA, LOW);
  delay(500);
}
```

Kilicho ndani ya setup kinafanyika mara moja, bodi inapoamka. Kilicho ndani ya loop kinarudiwa bila mwisho. HIGH ni kuwasha, LOW ni kuzima, na delay ni kusubiri kwa milisekunde, kwa hiyo 500 ni nusu sekunde. Kila amri inafungwa kwa nukta mkato. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: digitalwrite haitambuliki, digitalWrite inatambulika. Ukikosea, IDE itakupigia kelele kwa wekundu. Soma kosa la juu kabisa, uache mengine. Mara nyingi ukiliponya la kwanza, yaliyobaki yanaondoka nalo. Na kosa likisema mstari wa 8, tazama na wa 7 pia, maana nukta mkato iliyosahauliwa hugunduliwa mstari unaofuata.

Ikishakonyeza, cheza na namba. Hapa usiwe na haraka. Weka 100 na 900. Weka 50 na 50. Halafu weka 5 na 5.

Haikonyezi tena, sivyo? Imetulia, ila imefifia. Inakonyeza bado, mara 100 kwa sekunde, jicho ndilo lililoshindwa kufuata. Sasa weka 2 kwenye kuwasha na 8 kwenye kuzima. Imefifia zaidi. Huo ndio ufundi wote wa kupunguza mwanga wa LED: hupunguzi umeme, unawasha na kuzima upesi, na unachogawa ni muda. Vitabu vinauita PWM.

Hatua ya 3. Kifundo kiongoze mwanga

Kazi uliyoifanya kwa delay, bodi inaweza kuifanya yenyewe kwa amri ya analogWrite, ukiipa namba kutoka 0 hadi 255. Si kila pini inaweza. Kwenye Uno na Nano ni 3, 5, 6, 9, 10 na 11. Tuko ya 9, ambayo inawasha na kuzima kama mara 490 kwa sekunde.

1. Chomoa USB.
2. Volyumu ina miguu mitatu. Wa pembeni mmoja uende 5V, wa pembeni mwingine uende GND, wa katikati uende A0. Ni A na sifuri, si herufi O.
3. LED iache ilipo.
4. Pakia programu hii:

```
const int TAA = 9;
const int VOLYUMU = A0;

void setup() {
  pinMode(TAA, OUTPUT);
  Serial.begin(9600);
}

void loop() {
  int v = analogRead(VOLYUMU);
  analogWrite(TAA, v / 4);
  Serial.println(v);
  delay(20);
}
```

analogRead inasoma volyumu na kukupa namba kati ya 0 na 1023. Taa inataka mwisho 255, ndiyo maana tunagawa kwa 4. Mistari ya Serial ni dirisha: fungua Serial Monitor, hakikisha imewekwa 9600, uzungushe kifundo uone namba zikipanda na kushuka. Hilo dirisha lizoee. Mtu anayeniuliza "mbona haifanyi kazi" bila kulifungua, namrudisha.

Utaona jambo la kuudhi. Robo ya kwanza ya kifundo inabadilisha mwanga sana, na nusu ya mwisho kama haifanyi kitu. Kifundo hakina ubovu. Jicho letu linaona tofauti ndogo vizuri zaidi gizani kuliko mwangani. Dawa ni kuizidisha namba kwa yenyewe kabla ya kuipeleka kwenye taa. Badilisha mistari miwili ya mwanzo ya loop iwe:

```
  long v = analogRead(VOLYUMU);
  analogWrite(TAA, v * v / 4104);
```

(Mwenye volyumu ya herufi A aendelee na v / 4. Ukiiunga upande ambao mwanga unaanza kupanda polepole, yenyewe imeshafanya kazi hiyo.)

Angalia neno long. Mimi niliandika int, na nikapoteza siku mbili. Taa ilianza vizuri, hafifu kabisa, nikizungusha kidogo ikaruka ghafla mpaka karibu na mwisho. Nikizungusha tena, ikazima. Halafu ikaanza upya. Nilibadilisha volyumu, nikabadilisha nyaya, nikachokonoa bredibodi nzima, kwa sababu imani yangu ni kwamba ubovu uko kwenye waya mpaka waya uthibitishe vingine. Safari hiyo waya ulikuwa msafi. Kwenye bodi hii int haibebi namba zaidi ya 32,767. Mia na themanini na moja mara yenyewe ni 32,761, inaingia. Mia na themanini na mbili mara yenyewe ni 33,124, haiingii, na kikombe kikifurika hapa hakimwagi nje, kinageuka namba hasi. long inabeba mpaka zaidi ya bilioni mbili. Basi.

Hatua ya 4. Mosfeti na utepe

Mpaka hapa ulikuwa ukijifunza. Sasa mwanga wenyewe.

Utepe wa LED za ukubwa unaoitwa 5050, wenye LED 60 kwa mita, unakula kama ampea 1.2 kwa mita. Nusu yako ni ampea 0.6, yaani miliampea 600. Pini inatoa 20. Tena utepe unataka volti 12 na pini ina 5. Kwa hivyo pini haitaubeba utepe, itaamuru tu. Mosfeti ni koki: umeme mkubwa unaingia kwenye dreni na kutokea kwenye sosi, na geti ndilo mkono unaofungua.

Ishike IRLZ44N maandishi yakikutazama, miguu chini. Kushoto geti, katikati dreni, kulia sosi.

1. Chomoa kila kitu, USB na adapta.
2. Pima adapta kwa mita kwanza. Jua kwa yakini waya upi ni chanya. Rangi zisikudanganye.
3. Chanya ya adapta iende chanya ya utepe, penye alama ya +12V.
4. Hasi ya utepe iende dreni.
5. Sosi iende hasi ya adapta.
6. Pini ya 9 iende geti kupitia rezista ya 220. LED nyekundu iondoe.
7. Rezista ya 10,000 iwe kati ya geti na sosi.
8. Waya mmoja utoke GND ya bodi uende hasi ya adapta.
9. Chomeka USB, halafu adapta. Zungusha kifundo.

Namba 8 ndiyo inayowarudisha watu kibandani kwangu. Wanaona bodi ina umeme wake wa USB, utepe una wake wa adapta, wanafikiri kila mmoja ana nyumba yake. Lakini volti ni tofauti baina ya sehemu mbili. Pini ya 9 ikisema "nina 5", ni 5 juu ya GND yake. Kama GND hiyo haijaungwa na hasi ya adapta, mosfeti haielewi inaambiwa nini. Ni kama wavuvi wawili wanaobishania kina cha maji, mmoja kapima maji yamejaa, mwenzake kapima yamekupwa. Waunge.

Rezista ya 10,000 inalifunga geti wakati bodi bado inaamka na pini haijaamua. Bila yake taa inamulika ghafla kila ukiwasha, na wakati mwingine ukipitisha kidole karibu.

Kuhusu herufi: IRLZ44N na IRFZ44N zinafanana kama kurwa na doto. Ile ya L inafunguka vizuri kwa volti 5. Ile ya F imetengenezwa ifunguliwe kwa 10, na kwa 5 inafunguka nusunusu, taa inafifia na mosfeti inakuwa moto. Muuzaji akikwambia "ni kitu kimoja", shukuru, uondoke.

Ikifanya kazi, chomoa USB, bodi nayo ile kwenye adapta hiyohiyo. Kwenye Uno ingiza adapta kwenye tundu lake la duara. Kwenye Nano peleka chanya ya adapta kwenye pini ya VIN. Bodi inakubali volti 7 hadi 12 hapo. Usithubutu kuipeleka 12 kwenye pini ya 5V. Hiyo ni kuiua papo hapo, na hakuna fundi wa kuifufua.

Hatua ya 5. Kifuu

Nazi ikishakunwa, kifuu usikiache kiende na taka. Chukua ile nusu yenye macho matatu. Moja kati ya macho hayo ni laini, linatoboka kwa msumari, na hapo ndipo waya utapita. Ni kama kifuu kiliumbwa kwa kazi hii.

1. Kwangua nyuzi zote kwa kisu, halafu msasa wa 80, halafu wa 220. Kazi ya saa nzima, ifanyie barazani maana vumbi lake linaingia kila mahali. Mwisho paka mafuta ya nazi kidogo, kitang'aa kama kimepigwa vanishi.
2. Chora nakshi kwa penseli. Nenda Mji wa Kale utazame milango, uige pindo moja tu. Mlango mzima hautoshi kwenye kifuu.
3. Toboa matundu ya milimita 2 au 3 kwa dreli ndogo. Huna dreli, pasha msumari moto uushike kwa koleo. Utatoa moshi na harufu ya nazi iliyoungua, na jirani atakuja kuuliza mnapika nini. Acha angalau milimita 5 kati ya tundu na tundu, ama kitapasuka.
4. Zungushia utepe kwenye mkebe wa bati. Mkebe wa upana wa sentimita 7 unazungukwa mara mbili na sentimita 44, unabaki na mabaki kidogo. Utepe huu unakatwa kila baada ya LED tatu, penye mstari wa mkasi, sawa na kila sentimita 5. Ukikata pengine, kipande hicho kinakufa.
5. Funika kifuu juu ya mkebe kama kofia, waya utokee jichoni.

Bati si la urembo. LED hazina moto kama globu ya zamani, lakini zina joto, na joto la Mombasa linaongezea. Utepe ukibandikwa moja kwa moja ndani ya kifuu unapika gundi yake, na baada ya mwezi unaning'inia. Bati linalivuta joto. Ila weka tepu kwenye ncha zote mbili za utepe: ile shaba iliyokatwa ikigusa bati, chanya na hasi zinakutana.

Bodi isikae ndani ya kifuu. Iweke kwenye kikasha cha plastiki chini, kifundo kikichungulia nje.

Hatua ya 6. Lehemu, halafu rangi ya kucha

Bredibodi ni ya mezani. Ukiiacha nyumbani karibu na bahari, hewa ya chumvi inaingia kwenye vibanio vyake, na miezi michache baadaye taa inacheza yenyewe kama ina shetani. Hamishia kila kitu kwenye ubao wa matundu na ulehemu. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaa. Kilichovimba kama tone la uji ni kibovu, kipashe tena. Pasha mguu na shaba kwanza, kisha ndipo ulete waya wa risasi. Anayeyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma na kuja kuipaka kama samli hatapata kiungo.

Jaribu taa. Ikiwa sawa, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya viungo vyote, mara mbili. Inazuia kutu ya kijani. Usiguse volyumu wala tundu la umeme kwa hiyo rangi. Yangu niliiazima kwa binti yangu na chupa haikurudi.

Wenye kuuliza stima ikipotea itakuwaje: betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ile ya ving'ora na mageti, itaiwasha. Kwa ampea 0.6 hesabu saa tano hivi mwanga ukiwa wote, kwa sababu betri hizo hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ukipunguza mwanga zinaongezeka sana. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Betri haina huruma waya ukigusana.

Ikigoma

Taa haiwaki kabisa. Namba 8 ya hatua ya 4. Ukishaapa kwamba uliiunga, ipime kwa mita ukiwa umezima kila kitu. Kisha geuza utepe, huenda chanya na hasi zimebadilishana. LED hazifi kwa kugeuzwa kwa muda mfupi, zinanyamaza tu.

Inawaka wakati wote, kifundo hakina kazi. Dreni na sosi zimebadilishana. Ndani ya mosfeti mna njia inayopitisha umeme upande mmoja bila kuuliza geti, nawe umeipa upande huo. Kama miguu iko sawa, mosfeti imekufa.

Mosfeti ni moto wa kutoshikika. Kwa ampea 0.6 inapaswa kuwa vuguvugu kwa shida. Soma tena ile herufi.

Mwanga unatetemeka kifundo kikiwa kimetulia. Fungua Serial Monitor. Namba zikicheza kwa moja au mbili, ni kawaida. Zikiruka kwa makumi, mguu wa katikati wa volyumu umelegea au volyumu ya redio imejaa vumbi ndani. Zungusha mwisho hadi mwisho mara ishirini, nyingi zinapona.

Kwenye video ya simu inaonyesha mistari inayopita. Haina ubovu. Kamera inaona yale mara 490 ambayo jicho halioni.

Mwanzo wa utepe mkali, mwisho hafifu. Kwa nusu mita hutaliona. Ukiliona, waya wako ni mwembamba mno au kiungo kimoja kimelehemiwa vibaya.

Programu inapakiwa vizuri lakini taa inafanya mambo ya jana. Umefungua madirisha mawili ya IDE na unapakia la zamani. Usicheke, limenipata wiki iliyopita.

Umejaribu yote na bado. Chomoa kila waya, wote kabisa, uuweke pembeni. Rudi hatua ya 2, LED nyekundu na rezista moja, programu ya kukonyeza. Ikikonyeza, bodi ni nzima. Ongeza kitu kimoja, jaribu. Kingine, jaribu. Pale itakapozima, ulichoshika mkononi ndicho.